Vitabu Arobaini vya Alfabeti

Kila Ijumaa alasiri, akishamaliza kumsaidia mwenyeji wake kuchambua maharagwe, Inge aliketi barazani kijijini Githongo akaandika barua ya kwenda kanisani kwao Denmark. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mmisionari wa mwaka mmoja, na jina lake lilikuwa limempa jirani yao raha kubwa. Jirani huyo, Mwalimu Kaimenyi, alikuwa mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne.

"Hilo si jina, binti yangu," alimwambia. "Ni kitenzi kilichokatwa mkia. Ingekuwa nini? Ingefaa wapi?"

Kwa hiyo watu wakamwita Karimi, mkulima hodari, tangu siku aliyong'oa mstari mzima wa maharagwe na kuyaacha magugu yamesimama.

Barua zake za kwanza zilisema kweli. Mama Koome, mjane aliyemkaribisha, anapikia gesi, ana tangi la maji, na kila Jumanne hupeleka ndizi sokoni Gakoromone na kurudi na porojo za kutosha wiki nzima. Mratibu wa misheni akamjibu kwa upole kwamba barua ni nzuri, ila zimekosa mguso. Waumini walisinzia.

Inge hakuwa mwongo. Aliupinda ukweli kidogo tu. Ijumaa moja akaandika barua mbili kwa mpigo ili apumzike juma litakalofuata. Katika ya kwanza, Mama Koome alipikia mafiga, moshi ukimtoa machozi. Katika ya pili, jirani yao, yule mzee aliyepigwa picha amevaa viatu vyake vya gambuti kwenye shamba la kahawa, hakujua kusoma hata herufi moja.

Barua ya kwanza ilisomwa Jumapili kule Denmark mbele ya waumini. Jumatatu asubuhi jikoni hapakuwa na gesi wala mtungi. Palikuwa na mafiga matatu yenye masizi ya miaka mingi, na Mama Koome amepiga magoti akipuliza kuni.

"Karimi," akasema bila kugeuka, "kwani uliandika nini?"

Inge akamweleza.

"Afadhali wewe. Yule mwingine wa kabla yako aliandika hatuna daraja. Tulivuka mto na miguu mpaka tukajenga ingine." Akapangusa macho. "Chai itachelewa kidogo."

Inge akampigia mratibu simu asitoe barua ya pili. Mratibu akasikitika. Ilikuwa imeshachapishwa, pamoja na picha, na wanawake watatu walikuwa wameshaanza kulia. Basi Inge akavuka ua, uso umemwiva, akamwambia Mwalimu Kaimenyi kitakachompata.

"Jumapili ipi?" akauliza Mwalimu.

"Hii inayokuja."

Mwalimu akatazama rafu yake ya vitabu kama mtu anayetazama shamba na mvua imekaribia. Hakulalamika. Aliagiza asiitwe kwenye kikao chochote juma hilo, akasoma. Alisoma kamusi kuanzia S, kwa kuwa hakuwahi kufika mwisho. Alisoma barua alizoandikiwa na marehemu mkewe walipokuwa wachumba, kila moja mara mbili. Alisoma maandishi ya mfuko wa mbolea. Inge alimpelekea chai iliyonuka moshi, akaipokea bila kuinua macho.

Jumatatu asubuhi alimkuta barazani ameshika gazeti.

"Naona siafu tu," akasema. "Wamejipanga vizuri, lakini ni siafu."

Inge aliandika sahihisho siku hiyohiyo, kurasa tatu, hakupinda kitu. Lilipokelewa kwa shukrani. Halikusomwa, maana ratiba ya ibada ilikuwa imejaa.

Alichobaki nacho ni kumfundisha. Kila saa kumi waliketi pamoja na daftari, yeye akimwonyesha *a* na *e*, Mwalimu akimsahihisha yeye.

"Chora duara mdogo," alisema Inge.

"Duara dogo. Siwezi kusoma, lakini masikio yangu ni mazima."

Mkono wake ulikuwa mzito. Kufikia mwezi wa pili aliweza kuandika jina la mkewe, Gatakaa, akalitazama muda mrefu, akaomba kalamu aliandike tena. Mama Koome, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, akawapiga picha kwa simu.

Inge aliituma picha hiyo Ijumaa, pamoja na mistari minne. Mzee huyu anajifunza kuandika, nami ndiye ninayemfundisha. Hapakuwa na uongo hata chembe. Ilisomwa Jumapili, na kanisa zima likasimama. Mratibu akaandika kwamba hiyo ndiyo barua bora waliyowahi kupata, na akauliza kama kijijini wapo wengine wasiojua kusoma.

Inge akajibu kwamba hakuna hata mmoja.

Jibu hilo nalo halikusomwa. Baada ya majuma matatu lilifika sanduku lenye vitabu vya alfabeti, vyenye picha za tembo na twiga, na kadi iliyosema kwamba wanakijiji wengine wasiojua kusoma wataombewa kwenye ibada ya Jumapili. Mama Koome aliligeuza sanduku, akavihesabu vitabu. Vilikuwa arobaini.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Alhamisi," akasema Inge.

Mama Koome akaingia ndani kutafuta miwani. Alikuwa amefika katikati ya Waebrania katika Biblia yake, akasema, na hakupenda kuacha kitu nusu.