Utepe Mweusi Juu ya Taa ya Oili

Ulitazama pembeni. Usinikatalie, fundi mwenzangu, tulisimama bega kwa bega pale gereji, na mimi nikajifanya natafuta spana. Miaka sita imepita. Mimi sijasahau.

Lile gari letu la mashindano, kwenye barabara iliyonyooka halikuwa na mpinzani. Shida ilikuwa kona ndefu ya kushoto. Likiingia kwa kasi, oili yote iliyo chini ya injini ilikimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu ukabaki mkavu, na taa nyekundu ya oili mbele ya dereva ikawaka. Mjomba, fundi injini wetu, alisema, "Pampu ni nzima. Inavuta hewa tu. Moyo mzima utafanya nini bila damu?"

Aliomba siku mbili ashushe sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchomelea ndani yake vibati vya kuzuia oili isikimbie.

"Siku mbili!" Tajiri, mwenye gari, akamaka. "Mashindano ni kesho, mzee. Unataka nikakimbie kwa miguu?"

"Afadhali, tajiri. Miguu yako haijawahi kukosa mafuta."

Tulicheka wote, pamoja na dereva, yule tuliyemwita Kinyonga kwa mwendo wake wa polepole akiwa nje ya gari. Kisha Kinyonga akasema, "Ile taa inanitisha. Ikiwaka tu, mguu unaachia pedeli wenyewe."

Tajiri akakata kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa. "Haya. Imepona."

Mjomba akanyoosha mkono akibandue.

"Gari la nani hili?" tajiri akamuuliza.

Mkono ukarudi. Mjomba akatugeukia sisi. Hapo ndipo ulipotazama pembeni.

Kesho yake, mzunguko wa tisa, kwenye kona ile, Kinyonga hakuachia. Angeachia kwa sababu gani, wakati hakuona kitu? Beringi zikakauka, injini ikakwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakagoma, gari likala ukuta. Aliokoka, ila goti lake la kushoto halikunjiki tena. Tajiri akatangaza kwamba mzee alisahau kukaza bolti za pampu. Tulipoulizwa, tukasema hatujui. Mjomba akabeba sanduku lake la vifaa, akaondoka. Leo hata jirani hamletei pikipiki.

Juzi nilifukua chuma chakavu nyuma ya choo cha gereji, nikaikuta ile injini, pampu ikiwa bado mahali pake. Unaijua desturi ya Mjomba: akishakaza bolti, huipiga mstari wa rangi ya njano, kuanzia kichwani mwa bolti hadi kwenye mwili wa pampu. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Niliifuta kwa kitambaa, nikaketi chini kwenye kutu. Bolti nne, mistari minne, yote imenyooka kama siku aliyoichora.

Ukweli ulilala nyuma ya choo chetu miaka sita, na kila siku tulipita hapo.

Sasa gari jipya liko uwanjani, na sampu yake haina kibati hata kimoja. Leo asubuhi nilichungulia ndani: utepe mweusi, palepale. Dereva mwingine, kona ileile.

Mimi naipeleka injini hii kwa wasimamizi wa mashindano, na jina la Mjomba nitalisema kwa sauti. Wewe uko karibu na gari kuliko mimi. Injini yake bado baridi, dereva hajavaa kofia. Fungua mlango. Bandua huo utepe, sasa hivi, na tajiri akiuliza gari la nani, usitazame pembeni.