Feni ya Mama Mkwe

Isaiah Shikanga alikuwa fundi wa friji na mashine za hewa, na mjini Kakamega wenye hoteli na wenye bucha walimjua kwa jina. Sasa wewe niambie, mtu kama huyo aketishwe sebuleni kwa mama mkwe wake, ananyweshwa chai kama mgeni wa matanga, huku chumba cha ndani mwanamume mwingine anafungua mashine ambayo yeye angeitengeneza amefumba macho! Na si mwanamume hivi hivi tu. Kipsang!

Nyumba ile ya Khwisero ilijengwa na shemeji yake, Were, aliyeko Amerika. Mama Were alikuwa na kifua kibovu, na kila mvua ya Julai ilipopiga alikuwa hospitalini. Basi mwanawe akachorewa ramani huko huko, akatuma na mashine: baridi ikija inapasha nyumba joto, jua likiwaka inaipoza, hewa inapita kwenye mabomba darini mpaka kila chumba. Jambo jema, nani abishe? Ila huko Amerika, wachora ramani hawaulizi nani haruhusiwi kuingia chumba cha nani. Kabati la mashine wakaliweka ndani ya chumba cha kulala cha Mama Were, ubavuni mwa kitanda chake. Na kwa Waluhya, mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Tangu Isaiah aoe, mlango ule alikuwa akiuona kwa mbali tu, na hakuwa na shida nao.

Shida ilikuja na baridi. Kipasha joto kilipozima, feni nayo ilizima papo hapo, na lile joto lote likabaki darini kuwastarehesha panya. Mama Were akawa anakohoa chini ya blanketi tatu. Dawa ya mashine ile ni ndogo: taima ya feni, kidude cha kutosha kiganjani, kinachoichelewesha feni isizime mpaka imalize kusukuma joto lililobaki kwenye mabomba. Isaiah ndiye aliyeujua ugonjwa huo, kwa kusikiliza tu akiwa sebuleni. Ndiye aliyeinunua taima. Alikuwa amepanga asimame nje dirishani amwelekeze mkewe, waya kwa waya.

"Mimi nishike waya za stima nife?" mkewe Ayuma alikataa. "Haki hapana, Baba Sammy. Nimempigia Kipsang. Amesema atakuja."

"Kipsang gani?"

"Si yule wa Sigalagala."

Akasema hivyo huku anachambua mboga, kama anayemtaja muuza maziwa. Na Kipsang wa Sigalagala alikuwa nani? Alisoma darasa moja na Isaiah chuo cha ufundi cha Sigalagala, wakati Ayuma anasomea upishi chuo hicho hicho. Kabla Isaiah hajajulikana, Kipsang ndiye aliyekuwa akimsindikiza Ayuma stejini kupanda matatu jioni, mwavuli mmoja watu wawili, na chuo kizima kiliona. Baadaye Kipsang akarudi kwao Kapsabet, Isaiah akapata nafasi yake. Hivyo ndivyo Isaiah alivyolisema jambo hilo moyoni kwa miaka yote: nilipata nafasi. Hakuwahi kujiambia kwamba alichaguliwa.

"Namba yake umeitoa wapi?"

"Iko kwa simu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani! Hata ya yule mwalimu wetu wa keki iko, mbona hiyo huulizi?"

Usiku ule usingizi ulimpaa Isaiah. Kwa wivu, hata uji wa asubuhi ulimshinda.

Kipsang alifika na pikipiki, amenenepa, amefurahi, meno yote nje. Mama Were akampa mkono. Akampa mkono, jamani! Akamshika hata kiwiko, akamuuliza habari za wazazi na ng'ombe, kisha akamwambia apite ndani. Kipsang akavua viatu, akapita mbele ya Isaiah na soksi zake, akavuka mlango ule kama anaingia dukani.

Isaiah akabaki na sauti tu.

"Mama, nisogeze kitanda kidogo?"

"Sogeza tu, hata kiondoe."

"Ayuma, nimulikie hapa. Hapo hapo. Usitikise mkono bwana!"

Kisha kicheko cha Ayuma. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini Isaiah alikipima kote kote. Nyumbani alicheka hivyo lini mara ya mwisho? Hakukumbuka, na badala ya kujiuliza kwa nini, akazidi kumchukia Kipsang.

"Zima stima kwanza kabla hujagusa waya wa feni!" akapiga kelele kutoka sebuleni.

"Nimezima, ndugu yangu!"

"Na hiyo taima usiiweke fupi sana!"

"Nimeiweka vile uliandika kwenye boksi! Uko sawa kabisa!"

Kila alichosema, Kipsang alikuwa ameshafanya, na alijibu kwa furaha, bila kiburi hata kidogo. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Isaiah akajikuta anaomba kwa dhati kabisa, kama mtu aliye kanisani, kwamba patoke cheche. Ndogo tu. Isiue mtu, ila imuaibishe mtu.

Cheche haikutoka. Mashine ikawaka, hewa ya joto ikashuka, na Kipsang akasema waiache ipate moto vizuri, halafu wataizima wasikie kama feni itaendelea.

Wakaletewa chakula, wanaume wawili peke yao, kwa maana Mama Were hawezi kula meza moja na mkwe wake. Obusuma, ugali wa kwao, ulikuwa unafuka moshi, na kando yake ingokho, kuku mzima kwenye bakuli, amepikwa na Ayuma kwa mikono yake. Na juu ya nyama zile, mahali pa kuonekana, ilikaa imondo. Yaani firigisi. Kama hujaoa Uluhyani nikueleze: firigisi si nyama ya kunyooshewa mkono ovyo. Humo ndimo heshima ya mwanamume ilimo. Anawekewa mwenye nyumba, au mkwe, na kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu ya nani aliila.

Ayuma akaweka bakuli katikati ya meza, akarudi jikoni. Kipsang, ambaye si Mluhya na kwao hakuna habari hizo, alikuwa na njaa. Akachukua kilichokuwa karibu. Akatia firigisi mdomoni, akatafuna, akaendelea kusimulia habari za chai kunyauka.

Isaiah akaweka tonge chini.

Ayuma aliporudi na maji aliona bakuli, akaona shavu la Kipsang linavyojaa, akaelewa. Akashika mdomo. Kicheko kikamtoka kati ya vidole. "Woi! Kipsang, umekula firigisi ya mwenyewe?"

"Nini? Ilikuwa tamu sana."

Ayuma alicheka mpaka akashika ukuta, na alimtazama mumewe akitaka wacheke pamoja. Isaiah hakuliona hilo. Yeye aliona mke wake amepika, amemwandalia mtu wa zamani, na sasa anamcheka mume mbele ya mtu huyo. Akanawa mikono, akasema ameshiba.

Kipsang akakumbuka kwamba utepe wa kufungia waya aliuacha kwenye pikipiki, na Ayuma akatoka naye kwenda kufungia mbwa. Mama Were alikuwa shambani nyuma ya nyumba anachuma mboga ya mrenda. Sebule ikawa tupu. Isaiah akamtazama yule mlango.

Nisimtetee. Alijua anachokwenda kufanya. Atachomoa waya mmoja wa taima, mmoja tu. Wakija kuzima joto, feni itazima papo hapo kama zamani, Kipsang atakuna kichwa mbele ya Ayuma, na watu watasema si kila anayecheka ni fundi. Akavuka.

Chumba kilikuwa na joto zuri. Akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kabati. Kazi ya Kipsang ilikuwa safi: waya zimelala, vichwa vimebanwa, taima imekaa wima. Ilimuuma kuliko firigisi. Feni ilikuwa inavuma sikioni mwake, naye akaingiza vidole, akaushika waya wa manjano, akauvuta. Ukakataa. Akauvuta tena, ukatoka.

Kwa mvumo ule hakusikia manyunyu yalivyoanza kugonga mabati. Hakusikia mlango wa nyuma, wala hatua za mama aliyekuwa anakuja kuchukua shali yake.

"Baba Sammy."

Akageuka. Mama Were alikuwa mlangoni, kanga yake mbichi kwa mvua. Isaiah alikuwa magotini, bega lake limeegemea godoro la mama mkwe wake, gauni la kulalia la mama huyo linaning'inia kando ya sikio lake. Mama yule hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga, akamgeuzia mgongo, akatembea polepole mpaka barazani.

"Ayuma! Njoo unitolee matandiko. Nitalala jiko la zamani."

"Jiko lina moshi, mama! Na kifua je?"

"Kwa chumba alichoingia mkwe silali tena. Mpaka wazee wakae, waseme yao. Na sijui kama nitalala hata baada ya hapo."

Ayuma aliingia mbio, Kipsang nyuma yake, wakamkuta Isaiah amesimama katikati ya chumba na hana pa kutazama. Kipsang akaona kabati wazi. Akaona waya unaning'inia. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Aa, alikuwa ananikazia huu waya," akasema haraka. "Mimi ndiye niliuacha umelegea, Ayuma. Ni kosa langu."

Isaiah angependelea kupigwa kofi.

"Kipsang, usimsemee," Ayuma akasema. Hakuwa anacheka. "Baba Sammy, mama yangu alikuwa amepata pahali pa kupumua. Hapo tu. Umemtoa kwa sababu gani?"

"Wewe na huyu..."

"Mimi na huyu nini? Sema."

Isaiah akainama, akafunga kabati.

Ayuma akaanza kukunja godoro. Lilikuwa zito, likamtoka. Isaiah akaruka amsaidie.

"Usiguse! Godoro la mama yangu unashika vipi? Hujatosheka?"

Akarudisha mikono. Kipsang, bila kumtazama mtu, akainama, akalitia godoro begani, akatoka nalo mvuani mpaka jiko la zamani, kule kwenye mafiga na kuni mbichi. Akarudi, akabeba mablanketi. Akarudi tena, akabeba mito. Isaiah alimfuata mpaka barazani, akaishia hapo. Moshi ulianza kupenya chini ya mabati ya jiko, na kikohozi cha Mama Were kikaanza, kile cha zamani, kinachokwaruza.

Alishuka ngazi ili angalau achanje kuni kavu. Ayuma akatokea kwenye mlango wa jiko, macho mekundu, akamzuia kwa kiganja.

"Kuni zipo. Kipsang anachanja. Wewe nenda ukawaite wazee, na uwaambie kwa mdomo wako ulikuwa unafanya nini mle ndani. Hiyo ndiyo kazi pekee ya nyumba hii ambayo mtu mwingine hawezi kukufanyia."

Isaiah akavaa kofia yake, akashika njia ya kwenda kwa wazee.