Jina la Baba Mkwe

"Mume wa Mama Maria aliitwa nani?"

Mukamurenzi akainamisha kichwa. Miaka minne alikuwa amejifunza katekisimu, na katika wanawake kumi na wawili waliokaa kwenye benchi la misheni ya Gisenyi, Kwaresima ile ya 1954, hakuna aliyeijua kama yeye. Lakini baba mkwe wake alikuwa amebatizwa akaitwa Yozefu, na mkazamwana wa Kinyarwanda hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiungua.

"Ni yule seremala wa Nazareti," akasema kwa sauti ndogo.

"Jina lake, mama," padri akasema.

"Ni mlezi wa Bwana Yesu."

"Bon, vizuri. Anaitwaje?"

Wenzake wakaanza kucheka chinichini. Padri alikuwa mgeni, miezi mitatu tu tangu avuke kutoka Kongo, na Kinyarwanda kilikuwa hakijamkaa mdomoni. Twagirimana, mwalimu wa dini, akamwinamia.

"Padri, huyu analijua. Mila ndiyo inamfunga. Mwulize lingine."

"Katika nyumba ya Mungu hakuna baba mkwe." Padri akamngoja Mukamurenzi kwa muda mrefu, bila hasira, kisha akafunga daftari. "Utabatizwa mwakani, mama."

Habari ilimtangulia nyumbani. Baba mkwe wake alikuwa uani na jirani yake Bizimana, mtungi wa pombe ya ndizi katikati yao.

"Ndiye huyu!" mzee akasema. "Mbele ya mzungu! Mkazamwana wako je, Bizimana?"

"Wangu? Huniita kwa jina hata nikiwa chooni."

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Mzee akamjazia Mukamurenzi kibuyu kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Mukamurenzi akapiga magoti. Tangu aolewe kutoka Bugeshi hakuwahi kumwomba kitu.

"Baba, mwanao Wellars ameandika kutoka migodini. Amebatizwa. Akirudi anataka tufunge ndoa kanisani. Nikubalie nilitaje jina lako. Mara moja tu, kwa padri."

Kicheko kikakatika. Bizimana akatazama pembeni.

"Umenipa heshima leo, mwanangu," mzee akasema polepole. "Usininyang'anye kabla jua halijatua."

Mukamurenzi akanywa kile kibuyu mpaka mwisho, maana kukiacha kungekuwa kumkosea.

Siku ya Pasaka, mahubiri yalipokwisha, wasiobatizwa wakatakiwa kutoka nje, kama kila Jumapili. Zamani walitoka kundi zima, wakakaa ukutani wakinong'ona na kusukana nywele. Sasa wenzake kumi na mmoja walikuwa ndani, na shanga mpya za rozari shingoni. Mukamurenzi akakaa peke yake ukutani, upande wa ziwa. Baridi ya mawe ikampenya mgongoni.

Ndani wakaanza ile sala fupi ya Yesu, Maria na Yozefu. Hapakuwa na wa kumsikia, ila kondoo wa misheni waliokuwa wakila majani. Akasema: Yesu. Akasema: Maria. Kisha akanyamaza, akangoja wale wa ndani wamtajie la tatu.