Mwigizaji Aliyeazima Uchovu

Jumanne, saa moja asubuhi, Absalom alikuwa uani huko Al-Safa, Jeddah, akiosha gari la nyumbani, Jimsi nyeusi, ndoo moja ya povu na nyingine ya maji safi. Mwajiri wake, ambaye wafanyakazi humwita Baba, akatoka na kikombe chake cha kahawa, akasimama kumtazama. Dereva alikuwa ameegemea boneti, macho wazi, kitambaa kikizunguka mahali pamoja.

"Umelala?" Baba akauliza.

"Naosha, Baba."

"Hapo umeosha tangu nitoke."

Baba hakuwa mtu mbaya, hata majirani walisema hivyo, na majirani wa Al-Safa si wepesi wa kusifu. Alikuwa na macho, akaona. Mkataba ulisema likizo kila baada ya miaka miwili, na huu ulikuwa wa nne. Absalom alikuwa ameambiwa baada ya Ramadhani, kisha baada ya Hija, kisha shule zikishafunguliwa. Kwao Vihiga, Kenya, mkewe Beldina alikuwa na binti, Ashley, aliyezaliwa miezi mitano baada ya baba yake kupanda ndege. Mtoto alimjua baba kama kitu kinachokaa ndani ya simu. Na karatasi ya kutoka nchini na kurudi hutolewa na kafili, mwajiri mdhamini, peke yake, na kafili ndiye huyo mwenye kahawa.

"Kuna mgeni wa kupelekwa Riyadh," Baba akasema. "Mfikishe, urudi, nikuone. Ukiwa bado hivyo ulivyo, nakufungulia karatasi. Mtu aliyechoka huharibu gari. Halas."

Absalom alimpigia Beldina kabla povu halijakauka kwenye vioo.

Mgeni alikuwa Mmarekani, Warren Hasketh, mwigizaji wa sinema na jukwaa, miaka sabini na mmoja. Katika maisha yake alikuwa padri, mwizi wa ng'ombe, rais mara mbili, mfalme kipofu, mwanamke mjane, na maiti iliyosifiwa sana magazetini. Baba alikuwa na hisa katika kampuni inayoleta wasanii wa nje. Watu wote wa namna hiyo huenda Riyadh kwa ndege, lakini Mista Hasketh alikuwa amefika Jeddah kwa meli na hakutaka kusikia habari za ndege. Hofu yenyewe haikuwa yake. Alikuwa ameiazima kwa mama mmoja wa Chicago mwaka wa tisini na nne, kwa ajili ya filamu. Filamu ilipokwisha mama alikuwa amehama, ikambakia.

Basi barabara, kilomita mia tisa na hamsini.

Mzee alikuwa msemaji, na Absalom alipenda abiria msemaji kwa sababu humzuia dereva kusinzia. Kabla hawajamaliza kupanda mlima wa Taif alikuwa ameshamweleza kazi yake yote. Kila alichoigiza alikiazima kwa mwenyewe, na kila mara aliomba kwanza. Kuchechemea kwa mwizi wa ng'ombe kulikuwa kwa mchinja nyama fulani. Kicheko cha rais kilikuwa cha mjomba. Kikohozi cha padri alikitoa kwa fundi wa reli, na alipokirudisha fundi alilalamika kwamba kimelegea, hakimkai tena kifuani.

"Na chako mwenyewe ni kipi, mzee?" Absalom akauliza.

Mista Hasketh alifikiri mpaka wakapita malori matatu.

"Nadhani meno," akasema. "Ya juu."

Riyadh alikuwa anakwenda kucheza mlinzi mzee wa lango ambaye kwa miaka saba anangoja kuambiwa aketi. Mchezo mzima ni huo, hakuna kingine. Mazoezini kila mtu alimlalamikia kwamba anasimama kama bwana harusi. Hakuwahi kuchoka maishani. Kila alipokaribia kuchoka alikuwa ameshageuka mtu mwingine.

Wakasimama kwenye kituo cha mafuta kupita Taif kidogo. Absalom alileta chai mbili, kisha akaegemea nguzo. Mzee akamtazama kwa muda, kikombe mkononi.

"Wote huo ni wako?"

"Nini?"

"Uchovu."

"Wangu, mzee. Sijamwibia mtu."

"Niazime. Wiki mbili tu."

Hapo ndipo wenzake wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, walipomlaumu baadaye, lakini kulaumu ni kazi ya aliyeketi. Mtu akikuomba mzigo unaokuuma bega, utamuuliza anaupeleka wapi? Absalom aliuvua palepale, kama mtu anayevua sweta inayobana. Ukakwama mabegani, mzee akamsaidia kuvuta mkono wa kushoto. Wawili hao wakaubeba kama gunia la mahindi la kilo tisini, wakauweka kiti cha nyuma. Jimsi ikalala upande mmoja na kengele ya mkanda ikaanza kulia. Ililia mpaka Absalom alipozunguka na kuufunga mkanda.

Riyadh aliwashusha mbele ya hoteli, mzee na uchovu, akageuza gari. Alirudi bila kusimama popote ila kwa mafuta. Alhamisi asubuhi Baba alimkuta ameosha gari, amefagia ua na anakata matawi ya mti wa jirani yaliyoingia kwao. Akamzunguka kama anayekagua gari la mnada.

"Umechoka?"

Uongo haukuwa kazi ya Absalom. "Uchovu ninao, Baba, ila uko Riyadh. Nimemwazima mgeni."

Baba alikuwa mfanyabiashara, kitu kilichoazimwa alikielewa. "Ukirudi, njoo nao," akasema. "Mimi nasaini ninachokiona. Sasa naona mtu aliyetoka likizo." Na kwa kuwa dereva alikuwa mzima namna ile, akamwongezea watoto wa dada yake, shule mbili tofauti, na mama mkwe wa kupelekwa hospitali kila Jumapili.

Wiki mbili zikapita. Mchezo ukaongezwa wiki nne, kisha nne nyingine. Bila uchovu Absalom hakupata usingizi. Alilala chali kwenye godoro akisikiliza jokofu. Beldina, akimwona simuni amenyooka na anacheka, akasogeza simu karibu.

"Mtu wa miaka minne Saudia anang'aa hivyo? Uko na nani huko?"

"Niko na watoto wa shule, mama Ashley. Saba."

"Waambie wakusalimie."

Ijumaa alishuka Ghulail kwa Zeinab, mama wa Mombasa anayepika sebuleni kwake na nyumba haiishi watu. Siku hiyo walikuwa kama ishirini, sahani magotini, vichwa vimebanana juu ya simu moja. Kwenye kioo Mista Hasketh alikuwa amesimama langoni, na ukumbi mzima wa Riyadh unapangusa machozi.

"Hilo bega la kushoto," Zeinab akasema. "Hilo ni lako. Limeinama kwa mikoba ya watoto wa bosi wako."

"Buda, uchovu wako uko na jina kubwa kukuliko," Victor akasema. Victor ni mlinzi wa ghala, mtu wa Nairobi, hamwachi mtu. "Ungeenda wewe mwenyewe, wangekufukuza mlangoni."

"Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," Zeinab akasema, akimwongezea ugali. "Lakini huyu Mzungu imemsitiri vizuri. Aliyebaki matako wazi ni wewe, mwanangu. Kula."

Mwezi wa tatu mzee alirudi Jeddah kupanda meli. Alipitia Al-Safa mwenyewe, akaukabidhi uchovu langoni, umefuliwa, umepigwa pasi, ndani ya mfuko wa suti.

"Sikuuongezea chumvi hata siku moja," akasema. "Ni kazi bora ya maisha yangu. Sema unachotaka."

"Niombee kwa Baba, mzee. Karatasi tu."

Mista Hasketh alisimama akijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta miwani. "Kumtetea mtu nilikuwa nako," akasema. "Katika ile filamu ya mahakama. Kulikuwa kwa wakili mmoja wa Boston, na nilimrudishia." Akampa mkono, akaenda zake bandarini.

Absalom aliuvaa uchovu bafuni, akaingia sebuleni kwa Baba. Uchovu ulikuwa umesimama jukwaani mara sabini, ulijua wenyewe taa inapoangukia, ukampeleka hapo. Bega likashuka. Baba aliweka simu chini. Baada ya muda akamwita mkewe, madam, naye akaja, akaketi, akatoa kitambaa. Watoto waliacha kupigania rimoti.

"Wallahi," Baba akasema, machozi yamemjaa, "sijaona mtu amechoka hivi."

"Karatasi, Baba?"

"Karatasi ipo, nani kasema haipo? Lakini ndugu zangu wa Makka wanakuja Ijumaa, lazima waone. Usipumzike kabla yao."

Ndugu wa Makka walikuja, wakaona, wakalia, wakamlisha tende. Juma lililofuata wakaja wakwe. Kisha watu wa ofisini, ambao walileta wake zao. Baba alihamisha taa moja ikawa karibu na mlango, na Absalom akawa anasimama chini yake kuanzia alasiri, akishamaliza shule mbili na hospitali.

Beldina alipopiga simu, alimtazama muda mrefu.

"Sasa naona umechoka," akasema, na sauti yake ikalainika. "Nisamehe yale maneno. Anakupa lini?"

"Wakishaniona wote."

"Wako wangapi?"

Uani Baba alikuwa anaita, yalla, gari. Absalom akatafuta viatu kwa mguu, chini ya kitanda.

"Ni ukoo mkubwa," akasema.