Rozari ya Mkate

Tekla alichukua tonge jingine la mkate uliolowekwa na kukandwa, akaliviringa viganjani, akalitoboa kwa sindano na kulitunga kwenye uzi. Mama Marisia, aliyeketi mbele yake, alifanya hivyohivyo bila kutazama vidole.

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha misheni, Kinondoni. Tekla alikuwa jirani wa hapo; Mama Marisia alikuwa Mpolandi. Wakati wa vita, Wakomunisti wa Urusi walimpeleka yeye na mumewe, Stanislaus, kambini Siberia, ambako kusali kulikuwa kosa. Huko walijifunza kutengeneza rozari za mkate, ili askari wakiingia mtu azimeze. Stanislaus alibaki kambini. Mkewe alitoka na mimba, akafika Tanganyika.

Sasa wakimbizi wenzake walikwisha kuondoka. Meli ya mwisho ya kwenda Uingereza ilikuwa kesho asubuhi, na katika barua zote alizomwandikia mumewe alimpa anwani hii tu.

"Rozari ya jana imepungua tena," alisema Mama Marisia.

Tekla alitazama ukutani ilipotundikwa. Uzi ulikuwa mzima, ila katikati palikuwa wazi.

"Panya, mama. Panya wa misheni nao Wakatoliki."

"Panya angekata uzi."

"Huyu kauheshimu."

Binti yake, Marisia, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, alikuwa kizingitini akimsuka mwanasesere nywele. Bila kugeuka akasema, "Baba anasema leo hamkutia chumvi."

Mikono yao ikasimama. Chumvi ilikuwa imekwisha kweli, lakini walipokanda, mtoto alikuwa shule.

"Umelamba wewe," alisema Tekla.

"Sijalamba, shangazi. Sijaingia hata ndani."

"Na huyo baba yuko wapi?"

Mtoto alionyesha kiti kilichowekwa sanduku la safari. "Hapo. Anasema ni zito, mumtolee magotini."

Tekla alitaka kucheka, akashindwa. Ulikuwa mchana mweupe. Nje watu walikuwa wakitwanga. Mama Marisia aliinuka, akalishusha sanduku taratibu, kama anayempokea mtu mzigo. Kiti kikalia. Tekla alijiambia ni mbao tu.

Mama Marisia alifunika mkate kwa kitambaa kibichi.

"Na matonge haya yaliyobaki?" Tekla aliuliza.

"Tutatunga kesho. Ukija, pitia dukani kwa Mwanakombo uniletee chumvi."

Tekla alitazama sanduku lililokuwa sakafuni. Swali la meli lilimfika mdomoni, akalirudisha.

"Haya, mama," alisema, akaichomeka sindano kwenye kitambaa, uzi ukiwa nusu.