Sakafu Ngumu

Siku waliyomzika mke wake, fundi makochi alitoka makaburini na udongo bado uko viatuni, akaenda moja kwa moja wodini. Ugonjwa uliomchukua mama ulikuwa umemwachilia binti yao mdogo, lakini ulimwacha kama mlafi anavyoacha kuku: mifupa mitupu.

"Alikuwa ameshaanza kutembea," fundi alimwambia muuguzi.

"Atatembea tena. Mpe chakula kidogo kidogo, mara kwa mara. Na akitaka kujaribu, mwache ajaribu."

Fundi alilishika la chakula. La pili lilimpita.

Waliishi katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda chake. Mtoto aliporuhusiwa kurudi, fundi alikitengeneza chumba hicho kama anavyotengeneza kochi la tajiri. Alitandika sponji nene sakafuni, ukuta hadi ukuta, akaivalisha kitambaa na kuipigilia pini kwenye fito za mbao kando ya kuta. Miguu ya meza akaizungushia sponji. Pembe za kabati nazo akazishonea kofia. Mikono yake haikujua kumlilia mtu; ilijua kulainisha vitu, ikalainisha.

Mtoto akaanza kula. Uji aliomkatalia muuguzi aliukubali kwa baba yake, kijiko kwa kijiko, mpaka mashavu yakarudi. Miguu haikurudi. Akisimamishwa, magoti yalikunjika, akaketi, akanyonya kidole na kutulia. Wiki zikapita. Baba akaogopa kimyakimya.

Dada mkubwa wa fundi, muuza mboga mwenye mdomo usio na mfuniko, alikuja kuwajulia hali. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akayumba, akadaka ukuta.

"Haa! Mdogo wangu, huyu ni mtoto au ni kochi?"

"Dada, usianze."

"Nianze vipi na hata katikati ya chumba sijafika? Mimi mwenye miguu kama nguzo nazama, sembuse mtoto huyu, kijiti cha kiberiti?"

"Na akianguka?" Sauti ya fundi ilipasuka. "Nimeshazika mmoja."

Dada akasema taratibu, "Mtoto akianguka hupanguswa vumbi, mdogo wangu. Hazikwi."

Alipoondoka, fundi alisimama peku katikati ya sponji. Visigino vikazama, mwili ukatafuta pa kujishikiza. Miaka yote alijisifu kwa wateja kwamba makochi yake hayabonyei, kwa kuwa yeye huanza na mbao, kisha mikanda, na sponji huja mwisho. Kwa mwanawe alikuwa ameanzia mwisho.

Akachukua koleo, akang'oa pini moja moja. Kufikia jioni saruji ilikuwa wazi. Akaleta fremu ya kochi ambayo haijavalishwa, akamshikisha mtoto ubao wake.

Mtoto alilia. Alianguka, akamnyooshea baba mikono. Fundi akaikalia mikono yake mwenyewe isije ikamsaliti.

"Inuka, Bosi wangu. Baba yupo hapa. Inuka."

Ikawa hivyo kila siku: kijiko, saruji, machozi, kijiko tena. Jirani mmoja aligonga kuuliza kama kuna mtu anauawa humo ndani.

"Hapana," fundi alijibu, jasho likimtoka. "Kuna mtu anasimama."

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti akikaza mikanda ya kiti, lakini kilio alichokizoea hakikuja. Akageuka. Mtoto alikuwa ameiachia fremu. Alipiga hatua, akapiga nyingine, miguu imetanuka kama ya bata, tumbo mbele. Fundi alifungua mikono kumpokea.

Mtoto akampita.

Alikwenda mpaka kwenye mlango wa nje, ule ambao mama yake alikuwa akiingilia na ndoo ya maji, akaupigapiga kwa kiganja.

"Mama," alisema. Akasubiri. Akaupiga tena.

Fundi alikwenda kuketi kando yake kwenye saruji. Hakumwinua. Walikaa hivyo, wote wawili wakiutazama mlango, mpaka mtoto akamwegemea na kusinzia.

Komeo la mlango huo sasa limehamishiwa juu, kwa sababu lilipokuwa chini mtoto alishajua kulifungua. Kila jioni kazi ikiisha, fundi hulivuta, wakatoka pamoja hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kwenda, mtoto hutembea mwenyewe. Kurudi, hubebwa.