Mrututu wa Tumpe

Baridi ya Julai pale Kihesa haina adabu. Soksi za shule hushinda kambani kutwa nzima zikarudi ndani na maji yake, ndiyo maana kila mama hukaushia vitu jikoni, juu ya makaa. Kwa hiyo Severina hakuona ajabu kuliweka jiwe la binti yake, Tumpe, juu ya mfuniko wa sufuria, nao mfuniko juu ya jiko.

Lilikuwa jiwe la mrututu, ile dawa ya buluu wanayopulizia nyanya. Tumpe aliliotesha mwenyewe ndani ya maji ya mrututu akiwa kidato cha tatu, akalining'iniza kwenye uzi mwekundu aliouiba kwenye cherehani ya mama yake. Likakua hadi kutoshana na kidole gumba, buluu tupu. Halafu homa ya uti wa mgongo ikamchukua Tumpe, wakamzika Ilomba, Mbeya, kwa kina baba yake. Kesho ilikuwa arobaini. Baba yake, Obeid, alikwishatangulia huko kujengea kaburi, na fundi aliacha tundu kwenye saruji ili jiwe lile likae humo chini ya kioo.

Severina alikuwa amelifuta vumbi kwa kitambaa kibichi tu. Akaliacha likauke, akaenda kukunja nguo za safari. Aliporudi alikuta jiwe jeupe kama chokaa, limejaa nyufa. Alipiga yowe mpaka Benedicta, rafiki wa Tumpe aliyekuja kusafiri na Severina, akaingia mbio.

"Mama, usilie! Halijaungua. Ni maji ya ndani yake yametoka kwa moto. Ukilirudishia maji, buluu inarudi."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa. Tumpe ndiye aliyenionyesha."

Severina akalinyunyizia maji. Buluu ikarudi pale pale, ile ile. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Rudi, mama, rudi," alilibembeleza, akaongeza maji. Kisha akaliinua, nalo likamomonyoka vidoleni, likawa tope.

"Sasa tunafanyaje lishikane?"

Benedicta aliinamisha kichwa. "Rangi ndiyo inayorudi, mama. Jiwe halirudi. Lakini naweza kukuoteshea lingine."

"Hilo litakuwa lako, mwanangu."

Moyo wa Severina ulikuwa umepasuka, wala hakuficha. Alilia huku akilichambua lile tope kwa kucha, hadi akaupata uzi mwekundu. Fundo alilolikaza Tumpe kwa meno lilikuwa bado limekaza.

Simu ikaita. Alikuwa Obeid, kutoka makaburini.

"Mama Tumpe, fundi anataka kukata kioo. Jiwe lina ukubwa gani?"

Severina aliutazama uzi kiganjani.

"Dogo, baba," alisema. "Mwambie ni dogo sana."